Hesabu ya Kwato

Nimezaliwa Lamu na sijui kuogelea.
Nalisema mapema, kabla Lali hajanisemea.
Maji yakinifika kiunoni naita mama,
na mimi ndiye nahodha.

Nyambizi yetu haijafika.
Iko kwa mafundi wake, nchi ya baridi, wanaipaka kutu,
kutu ya kuchora, msumari kwa msumari,
na kila Ijumaa wanatuonjesha kipande:
juzi gurudumu la shaba la kufungulia tangi,
kabla ya hapo kikombe cha chai
kinachoinama chombo kikiinama.
Kikombe tu. Shekue alikitazama mara kumi na tisa
akasema, Waliokumbuka kikombe hawatasahau bahari.

Tunakutana Langoni, kwa Somoe fundi simu,
nyuma ya pazia, mbele ya kompyuta moja
ambayo feni yake inakohoa kama mtu aliyekwamwa na mwiba.
Somoe ndiye injinia.
Ameuza cherehani ya marehemu shangazi yake, kanunua kadi ya picha,
na hajamwambia mtu ila sisi.

Giga sitini, wanasema. Sitini!
Intaneti ya mtaa huu itazibeba
kama punda anavyobeba jokofu: hatua mbili, anagoma.
Tumechanga. Mkebe wa maziwa ya unga, tundu juu,
ndani shilingi elfu mbili mia nne na themanini
na kifungo cha kanzu ambacho hakuna anayekiri.

Mara ya tatu tarehe iliposogezwa
Shekue alikaa kitako akawaandikia mafundi, kwa mizani:

*Mlisema mwezi nane, mwasema tena wa kumi,*
*Hebu leteni tuone, tumechoshwa na ulimi,*
*Jamaa tusizozane, hatutaki uhasimi,*
*Nyambizi yetu i wapi, imezama au vipi?*

Wakamjibu kwa kidole gumba cha manjano.
Amekihifadhi.

Famau haoni, tangu surua ya utotoni.
Siku alipokuja, Lali alimuuliza bila haya:
Wewe gemu utaichezaje?
Famau akauliza, Hiyo nyambizi ina dirisha?
Tukatazamana. Haina.
Mita mia chini, nahodha kipofu, mpishi kipofu,
na chuma chote kile kinafuata sikio la mtu mmoja.
Tulimvika vipokea sauti jioni ile ile.

Kwa hiyo umeme ukikatika haturudi majumbani.
Zama, nasema.
Somoe anabana mlango. Lali anatema njugu.
Joto linapanda, jasho linatafuta njia mgongoni,
na kimya kinakuwa kizito, unaweza kukiegemea.

Kwato, anasema Famau.
Kutoka Mkomani. Wawili.
Wa mbele kabeba mawe. Wa nyuma mtupu, anachechemea kushoto.
Mwendo?
Wa mtu anayedaiwa.
Umbali?
Msikiti mmoja na nusu.

Tunangoja. Hakuna anayepumua vizuri.
Wanapita kizingitini, wawili,
wa nyuma anachechemea.

Mamake Lali alisimama mlangoni akatucheka:
Bahari i hapo, hatua arubaini, ya bure,
nanyi mwangojea ya kununua?
Lali alikosa jibu. Mimi ninalo, sikulitoa.
Ile ya bure inanijua. Inajua nilivyolia
siku binamu zangu waliponitupa gatini, nikiwa na miaka sita.
Hii nyingine haijanisikia bado.

Jana wamesogeza tena.
Maji, wameandika, bado hayajakaa sawa:
mwanga unaingia ndani mno, giza linachelewa.
Shekue alikasirika, kisha akawatetea,
kisha akakasirika.
Somoe alihesabu mkebe upya, kifungo kimo.

Saa tatu kasorobo taa zikazimika, mtaa mzima.
Sikutoa amri.
Lali mwenyewe akatema njugu,
na Famau, gizani, akainua kidole.